Fujifilm X100V kwa kazi za gazeti huku Louisiana: maoni yangu baada ya kuitumia misimu yote

Naanza na jibu kabisa maana najua wengine hamna muda. Kama unafanya kazi ya gazeti na hela yako inatosha kamera moja tu, usinunue hii. Nunua ya kubadilisha lenzi, weka zumu ya milimita 24-70 kwa vitu vya karibu na nyingine ya 70-200 kwa vya mbali, maisha yaende. Ila kama kamera ya kazi unayo tayari na unatafuta kitu cha zile dakika ambazo mhariri hakukutuma, yaani kazi ya ofisi imeisha lakini wewe hujaondoka, hapo X100V sijaona ya kuishinda kwa saizi yake. Maelezo yatakuwa marefu kidogo kwa sababu bila kuwaambia kazi za huku zikoje hamtaelewa nachokisema.

Huku ni kusini mwa Louisiana, Marekani, upande unaoitwa Acadiana. Wilaya zao wanaziita parish, na bunge la jimbo lilizipa wilaya 22 hilo jina la pamoja mwaka 1971. Wacajun wenyewe ni uzao wa Wafaransa waliofukuzwa na Waingereza kutoka Acadia, Kanada ya mashariki ya leo, kuanzia 1755, wakatawanywa huku na kule na wengine wakaishia kwenye mabwawa na mbuga za huku. Humohumo wapo Wakrioli weusi, wenye Kifaransa chao na muziki wao wa zydeco, wa kodiani na wa kucheza, na farasi wao, na ukipiga picha huku ukawasahau hao basi umepiga nusu ya sehemu. Mji mkubwa ni Lafayette. Mimi nimetokea Tanga, napigia picha gazeti dogo la huku, na hii kamera nimenunua kwa hela yangu mwenyewe, hakuna aliyenilipa kuisifia.

Kwa ufupi kabisa ni kamera yenye lenzi moja isiyotoka, 23mm f/2 (namba ya f ni upana wa tundu la mwanga, ikiwa ndogo mwanga unaingia zaidi), ambayo kwa hesabu za full frame, yaani sensa yenye saizi ya filamu ya zamani, ni sawa na 35mm. Sensa, yaani kile kinachonasa picha, ni APS-C, ndogo kuliko full frame, megapikseli 26, uzito gramu 478 na betri na kadi ndani. Ilitoka Februari 2020 kwa dola 1,399. Ukivuta kiswichi cha mbele, tundu la kuchungulia linabadilika kutoka kioo kitupu kwenda skrini ndogo ya elektroniki na kurudi. Ndani ina filta ya ND ya stop 4, yaani kioo cha kupunguza mwanga, na skrini ya nyuma inainuka ukitaka kupiga ukiwa umeishika kiunoni. Mengine mtayasoma kwenye boksi.

Sasa kazi. Wiki ya mpiga picha wa gazeti dogo imejaa vitu ambavyo haviendi kwenye maonyesho popote. Asubuhi unapiga watu wanakabidhi hundi kubwa ya kadibodi kwa shule, mchana unapiga mkuu mpya wa maktaba amesimama mbele ya rafu, jioni kikao cha halmashauri ya parish wanabishana mtaro wa maji upite wapi, na mtaro huku sio jambo dogo, ardhi ni tambarare na mvua ikishuka inashuka kweli. Mahakamani kamera haziingii kwenye chumba cha kesi, kwa hiyo unasubiri mlangoni mpaka mtu atoke na una sekunde chache tu. Halafu Ijumaa usiku msimu wa football, ile ya Kimarekani, hapo mji mzima uko uwanjani, taa za uwanja wa shule ni hafifu na watoto wanakimbia kama wamefunguliwa zizi, na wewe unatakiwa uwe na mpira, sura na namba ya jezi kwenye picha moja kabla ya saa ya kufunga gazeti.

Kwenye hizo karibu zote hii kamera inabaki kwenye begi. Kikaoni unakaa nyuma na 35mm inakupa vichwa vidogo na meza kubwa. Football sahau, unahitaji 300mm au zaidi. Ziwa Martin karibu na Breaux Bridge, ambako yangeyange na domomwiko wale wa waridi wanatotolea kwenye miti ya saiprasi, ukienda na X100V utarudi na picha nzuri za miti na ndege wakiwa nukta. Kioo cha kufunga mbele ya lenzi kuvuta vitu karibu kipo, kinakupeleka mpaka kama 50mm, ila kwa ndege 50mm haibadilishi kitu. Sio kosa la kamera, haikutengenezwa kwa hayo, nasema tu ili mtu asije akauza Nikon yake akadhani amepata mbadala.

Inapoanza kuonyesha thamani ni pale kazi inapoisha.

Nitatoa mfano wa krofishi, maana ndio kitu ninachokipiga zaidi kwa ajili yangu mwenyewe. Krofishi ni wale kamba wa maji baridi wenye makoleo, na magharibi ya Lafayette ukienda Rayne, Crowley mpaka Eunice ni mashamba yao mtindo mmoja. Shamba ni lilelile la mpunga. Mpunga unavunwa Julai na Agosti, vuli wanarudisha maji, na kuanzia mwisho wa mwaka mpaka Mei au Juni wanavua. Madema ni ya waya yamepangwa kwa mistari, na boti ni la alumini bapa lina gurudumu la chuma nyuma linalosukuma kwenye tope, dereva anaendesha kwa miguu ili mikono ibaki huru, anainua dema, anamwaga, anaweka chambo, anarudisha, na boti halisimami hata kidogo. Ukiangalia muda mrefu unaona ni ngoma kabisa, kila mkono una zamu yake.

Kila msimu ukianza mhariri anataka picha moja, ileile, mkulima ameshika krofishi wawili watatu anacheka, na bei ya ratili moja iende kwenye maelezo. Baada ya ukame wa 2023 stori ilikuwa nzito zaidi, mashamba yalikosa maji, krofishi walikufa ardhini, bei ikapaa mwanzoni mwa 2024 na mwezi Machi gavana Jeff Landry akatangaza hali ya janga. Picha ya ukurasa wa mbele nilipiga na kamera kubwa na zumu, nikaituma kutoka kwenye gari. Halafu nikarudi shambani na X100V bila begi bila chochote.

Tofauti inaanza hapohapo. Ukiwa na kamera kubwa na lenzi nyeupe watu wanaweka uso wa gazetini, wanajinyoosha, wanaficha sigara. Ukiwa na hii ndogo ya fedha iliyokaa kizamani wanauliza kama ni ya filamu, mnaongea, dakika kumi zinapita hujapiga hata picha moja, na ukianza kupiga mtu ameshaendelea na kazi yake. Wengi wanaoinua hayo madema na wanawake wanaomenya nyama ya krofishi viwandani ni watu wa Mexico waliokuja kwa viza za msimu, H-2A na H-2B, wanakaa miezi kadhaa wanarudi kwao. Kwenye picha ya gazeti mara nyingi hawamo, kwa sababu stori ni ya mkulima na bei. Mimi nawapiga wao. Naomba ruhusa kwanza, nikikataliwa naacha bila kubembeleza, na nikikubaliwa nachapisha picha ndogo narudi nazo, kila mmoja anapata yake anawatumia nyumbani. Lenzi ya 35mm inakulazimisha usimame pale mtu alipo, ndani ya harufu ya chambo na tope kwenye viatu, hakuna namna ya kumwiba mtu picha kutoka barabarani, na hilo kwangu ndio faida kuliko megapikseli zote.

Kuna jambo la kiufundi hapa wapiga picha mtalipenda. Shata yake, yaani kile kinachofunguka na kufunga kuingiza mwanga, iko ndani ya lenzi, kwa hiyo flashi inaenda sambamba hata kwenye spidi kubwa ambazo kamera za kawaida zinagoma, maana nyingi zinaishia 1/250 ya sekunde hivi. Saa sita mchana katikati ya shamba lililojaa maji, jua juu na mwanga mwingine unarudi kutoka chini, mtu amevaa kofia uso wote umekuwa mweusi. Unawasha ile filta ya ND ya ndani, unaweka flashi ndogo pembeni, unapandisha shata, anga inabaki na mawingu yake na uso unaonekana. Ngozi nyeusi na ngozi ya mtu aliyeungua na jua zote zinatoka vizuri. Kamera ya ofisi nayo inaweza kufanya karibu hivyo ukiwa na flashi kubwa yenye betri lake na mtu wa kushika stendi, sasa nani wa kushika stendi kwenye tope.

Mardi Gras ya vijijini, sherehe ya kabla ya Kwaresima, ndio inapoonekana zaidi uwezo wake. Sio ile ya New Orleans ya magari na shanga. Huku Mamou, Tee Mamou, Eunice, Church Point wanafanya ya zamani, watu wamevaa nguo za vitambaa vilivyochanwa nyuzi nyuzi, kofia ndefu zilizochongoka na barakoa za wavu wa waya zilizochorwa sura. Kuna kiongozi anaitwa capitaine, yeye havai barakoa, anatangulia na bendera nyeupe kuomba ruhusa kwa mwenye nyumba, akikubaliwa ndio kundi linaingia uani linaimba, linaomba, linapanda miti, na mwenye nyumba anarusha kuku hai juu wakimbizane nae kwenye matope. Vyote wanavyokusanya vinaishia kwenye sufuria la gumbo, mchuzi mzito wa huku, jioni.

Wapiga picha wengi wanabaki barabarani na malenzi marefu. Mimi kazi ya gazeti naimaliza mapema, nyumba mbili za mwanzo zinatosha kupata kuku angani, baada ya hapo naomba kwa capitaine niende nao kwa miguu, na ukiambiwa rudi nyuma unarudi, ni shughuli yao sio yako. Kule ndani fokasi ya otomatiki haina msaada sana, sura ni ya waya na macho yako nyuma ya wavu, kamera haina cha kushika. Kwa hiyo naizima kabisa. Naweka f/8, naweka umbali mita mbili na nusu, na kila kitu kuanzia kama mita moja na nusu mpaka mita tisa hivi kinakuwa kikali vya kutosha. Tundu la kioo kitupu linakuonyesha na nje ya fremu, unamuona mlevi anakuja kutoka kushoto kabla hajaingia kwenye picha. Mikono inapiga yenyewe. Picha zangu tatu bora za huku zote zimetoka hivyo, na moja ni ya wakati hakuna kuku wala wimbo, mwanaume amevua barakoa kaegemea uzio wa mwenye nyumba, jasho linamtoka, mtoto wa nyumba hiyo anaishika ile barakoa bado haamini kama sura ni ya jirani yao.

Halafu muziki. Eunice kuna duka la Savoy Music Center, la Marc Savoy anayetengeneza kodiani kwa mikono yake, na Jumamosi asubuhi imekuwa desturi wapigaji wanakuja wanakaa duara, mzee wa miaka themanini na kijana wa shule, kodiani ndogo ya vitufe kumi, fidla kadhaa, gitaa, na pembetatu ya chuma. Mtu wa Tanga ukisikia kodiani na fidla pamoja lazima moyo ushtuke, tumelelewa na taarabu sisi, ingawa mwendo wa huku ni wa kucheza dansi, wawili wawili. Sehemu kama hizo mlio wa shata kubwa ni matusi. Hii kamera ukizima milio yake haisikiki, kabisa, ukikaa jirani na mpiga fidla hajui umepiga au hujapiga. Mwanga ni wa dirishani na taa za dari, ISO (wepesi wa sensa kuitikia mwanga) 3200 na f/2 inatosha, ukienda 6400 chembe zinaonekana ila ni chembe za kupendeza, kwenye karatasi ya gazeti hata hazionekani. Na ukiwasalimia wazee kwa Kifaransa hata cha kuokoteza wanakuchangamkia, wengi wa umri huo walipigwa shuleni kwa kukiongea, maana katiba ya jimbo ya 1921 iliweka Kiingereza peke yake madarasani.

Maji na unyevu. Hili lisomeni kwa makini kama mko Dar, Mombasa, Zanzibar, Tanga, maana hewa ya huku ni yetu kabisa. X100V inatajwa kuwa inavumilia mvua na vumbi LAKINI mpaka uweke pete ya AR-X100 na filta ya milimita 49 mbele ya lenzi, vinauzwa kando. Bila hivyo usiitembeze kwenye mvua. Mimi sijawahi kuvitoa tangu nivifunge. La pili, ukitoka kwenye gari lenye kiyoyozi au ofisini ukaingia kwenye joto, kioo kinaziba ukungu hapohapo na ukiufuta unarudi. Iweke kamera kwenye buti la gari au kwenye mfuko wa plastiki uliofungwa mpaka izoee joto la nje, dakika kumi na tano hivi. Hakuna kamera iliyo salama na hilo, ya bei yoyote.

Vimbunga ni sehemu ya kazi huku. Laura alipiga Cameron usiku wa kuamkia tarehe 27 Agosti 2020, daraja la 4, upepo kilomita 240 kwa saa, na kabla watu hawajamaliza kufunika mapaa Delta akaja tarehe 9 Oktoba karibu na palepale, Creole. Siku za kwanza ni kamera za ofisi tu, unahitaji zumu, kadi mbili, unahitaji kutuma haraka. Ila wiki za baadae, waandishi wa kitaifa wakiwa wameshaondoka, familia zinaishi chini ya maturubai ya bluu na kusubiri bima, hapo ndipo unarudi bila kutumwa. Hamna mtu anataka lenzi kubwa mbele ya nyumba yake iliyobomoka. Hii ndogo shingoni unaweza kukaa nayo barazani mkanywa kahawa, na mtu akisema piga hapa palikuwa chumba cha mama, unapiga hapo. Baadhi ya picha hizo mwisho wa siku gazeti lilizichukua, kurasa mbili nzima, na huo ndio mzunguko ninaoupigania, kwamba kazi yako binafsi inalisha kazi ya ofisi.

Rangi. Watu wanaipenda sana kwa zile rangi za filamu ndani, Classic Neg, Acros na nyinginezo. Ni nzuri kweli, Classic Neg kwenye ukuta wa bati lenye kutu na anga la mawingu ni tamu sana. Lakini kwa gazeti msitumie. Mimi napiga RAW, faili ghafi isiyotiwa rangi, pamoja na JPEG, ya gazeti natoa rangi ya kawaida, za kwangu naweka Acros maana nataka ziwe nyeusi na nyeupe. Msomaji wa habari anatakiwa aone rangi ilivyokuwa, sio tulivyoitamani.

Kama mnataka kuona nini naongelea, tafuteni picha za Russell Lee alizopiga Crowley Oktoba 1938 kwenye sherehe ya mpunga. Alikuwa ametumwa na serikali, shirika la Farm Security Administration, na ziko Library of Congress, unaziangalia bure mtandaoni. Alipiga gwaride ndio, ila alipiga na watu wanaoangalia gwaride, wapigaji muziki, watoto wamechoka kwenye ukingo wa barabara. Flashi ya moja kwa moja, karibu, uso kwa uso. Nazirudia mara kwa mara.

Mapungufu mengine ni haya. Nafasi ya kadi ni moja, kwa habari kubwa ambayo haiwezi kurudiwa hilo ni tatizo na ndio sababu nyingine ya kuwa na kamera ya pili. Betri, kampuni yenyewe inasema picha kama 350 ukitumia tundu la elektroniki na 420 ukitumia la kioo, kwa hiyo beba tatu. Na hakuna kitulizo cha mtikisiko ndani, usiku ukishusha shata sana mkono wako ndio utakaosema.

Bei ndio kitu kinachoniuma. Kuanzia 2022 vijana wa TikTok waliipenda, ikaadimika, za mkononi zikawa zinauzwa kuliko bei ya mpya. Februari 2024 ikaja X100VI kwa dola 1,599, megapikseli 40 na kitulizo cha mtikisiko ndani, lenzi ileile, tundu lilelile la aina mbili. Kama mnanunua mpya chukueni hiyo VI. Kama unanunua V iliyotumika, omba uifungue f/16 upige ukuta mweupe uangalie kama kuna madoa ya vumbi, maana lenzi haitoki na vumbi likishaingia kulitoa ni fundi, zungusha vitufe vyote vya juu, vuta kile kiswichi cha tundu mara kadhaa, na uulize kama pete na filta vinakuja pamoja. Kama havipo, toa gharama yake kwenye bei kabla hujalipa.